Pilipili kwenye chombo: pima lita za udongo kabla ya kupima mbolea

Anayepanda pilipili kwenye ndoo, kopo au mfuko huanza kwa kuuliza habari za mbolea: aweke ipi, kiasi gani, kila baada ya siku ngapi. Maswali hayo hayana jibu mpaka lijibiwe lingine lililo mbele yake: mche wake una lita ngapi za udongo? Kijiko cha NPK, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambacho mmea ulio kwenye ndoo ya lita 20 utakitumia bila shida, kikiingia kwenye kopo la lita 3 kinaweza kuunguza mizizi ndani ya siku chache. Na mche uliodumaa kwa kukosa nafasi hauamshwi na mbolea. Mara nyingi watu huuongezea dozi wiki baada ya wiki huku ukizidi kunyong'onyea, wakati shida yake yote ni kopo.

Maelezo haya yanahusu hoho, pilipili ndefu, pilipili kichaa na pilipili mbuzi. Tabia zake zinatofautiana kidogo, na pale tofauti inapogusa chombo au mbolea nitaitaja.

Kwa nini chombo kidogo hudumaza mmea

Mzizi wa pilipili ukifika kwenye ukuta wa chombo hausimami. Unageuka na kuanza kuzunguka. Baada ya muda udongo umejaa mizizi, hewa imepungua katikati yake, na mmea unapunguza kasi ya kutoa majani mapya. Kasi hiyo hupungua hata kama unamwagilia na kulisha ipasavyo, kwa sababu mizizi iliyobanwa hubadilisha ishara inazopeleka juu, na matawi yanajipunguza yalingane na kilichopo chini.

Mwaka 2012 Hendrik Poorter na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 65 zilizolinganisha ukubwa wa vyombo kwa mimea ya aina nyingi. Walikuta kwamba chombo kikiongezwa ukubwa mara mbili, uzito wa mmea huongezeka kwa wastani wa asilimia 43. Huo ni wastani wa mimea mingi, si pilipili peke yake, lakini yeyote aliyepanda hoho mbili, moja kwenye lita 4 na nyingine kwenye lita 12, ameuona mwelekeo huo kwa macho. Angalia pia upande wa pili wa takwimu hiyo: udongo mara mbili haukuleta mmea mara mbili. Kila unavyopanda juu, faida inakuwa ndogo, na mahali fulani jua au urefu wa msimu ndio unaoanza kuuzuia mmea.

Halafu kuna maji. Hoho iliyokomaa, yenye matunda, siku ya jua kali inaweza kunywa lita moja hadi mbili. Udongo mzuri wa chombo hushika maji ambayo mmea unaweza kuyafikia kama robo ya ujazo wake hivi. Piga hesabu: chombo cha lita 3 kina akiba isiyofika lita moja, yaani asubuhi umemwagilia na kabla ya saa nane mchana majani yamelegea. Chombo cha lita 12 kina akiba ya lita tatu, na mmea unalala salama. Kunyauka kila siku na kuinuka jioni kunaangusha maua na, kama nitakavyoeleza mbele, kunaozesha vitako vya matunda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hasara ya chombo kidogo ni hasara ya maji.

Hatua ya kwanza: jua ujazo halisi wa chombo chako

Usiamini macho wala namba iliyochapwa ubavuni. Chukua chupa ya lita moja, ziba matundu ya chombo kwa muda, ukijaze maji huku ukihesabu chupa. Acha sentimita mbili au tatu juu bila kujaza, maana hapo ndipo maji ya kumwagilia yatakaposimama kabla ya kuzama. Ndoo ya lita 20 ukiiachia nafasi hiyo inabaki na udongo wa lita 17 au 18. Andika hiyo namba kwa kalamu isiyofutika kwenye chombo chenyewe. Utaitumia kila unapopima mbolea.

Kwa ukubwa, mimi huenda hivi. Aina fupi za mapambo zenye matunda madogo zinaridhika na lita 3 hadi 5. Pilipili ndefu na hoho za kawaida ziwe na lita 10 kwenda juu, na 12 hadi 15 ni bora kama jua ni kali au huwezi kumwagilia mara mbili kwa siku. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa huchelewa kukomaa, huwa kichaka, na zikitunzwa hudumu zaidi ya mwaka mmoja. Hizo zipe lita 15 hadi 20 na zaidi. Mmea mmoja kwa chombo kimoja. Ukipanda miche miwili kwenye ndoo ya lita 20, umeigawa kuwa ndoo mbili za lita 10, na hata hiyo hesabu ina ukarimu, kwa sababu wenye nguvu utamnyang'anya mwenzake.

Kina kina maana yake pia. Tafuta angalau sentimita 25 hadi 30. Udongo ulio ndani ya chombo huwa na tabaka la chini linalobaki limeloa chepechepe hata baada ya maji kuacha kudondoka, na unene wa tabaka hilo unategemea aina ya udongo, si urefu wa chombo. Beseni pana lenye kina cha sentimita 12 linaweza kuwa na ujazo wa lita 10 kamili, lakini karibu nusu yake ikawa tope lisilo na hewa. Ndoo ndefu ya lita hizohizo ina tabaka lilelile chini kabisa, na mizizi imebaki na nafasi kubwa yenye hewa juu yake. Kwa sababu hiyohiyo, kuweka kokoto chini ya chombo hakusaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanasimama juu yake, na wewe umepunguza lita mbili za udongo bure. Toboa matundu manne hadi sita yenye upana wa kama sentimita moja, weka kipande cha wavu ili udongo usitoke, inatosha.

Rangi nyeusi huvuta joto. Chombo cheusi kilichopigwa na jua la alasiri kinaweza kupika mizizi ya upande huo. Kipake rangi nyeupe kwa nje, kifunge gunia, au panga vyombo vikingane.

Hatua ya pili: udongo

Udongo wa shambani peke yake haufai kwenye ndoo. Shambani kuna minyoo, kina kirefu na mizizi ya mimea mingine ya kuufungua. Ndani ya ndoo unashikamana kuwa tofali baada ya kumwagiliwa mara kadhaa. Changanya sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya mboji iliyoiva na sehemu moja ya kitu cha kuufungua: mchanga wa chembe kubwa, pumba za mpunga au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi yaoshe kwa maji mengi kabla ya kuyatumia, kwa kuwa huja na chumvi ya sodiamu na potasiamu, na huwa yanashika kalsiamu ambayo mmea ungeichukua.

Mboji iliyoiva ina rangi ya udongo mweusi, haina joto wala harufu ya amonia. Samadi mbichi usiiweke. Samadi ya kuku ina naitrojeni na chumvi nyingi. Hata ikiwa imeoza vizuri, isizidi sehemu moja ya kumi ya mchanganyiko. Uchachu wa udongo, yaani pH, uwe kati ya 6.0 na 6.8. Nje ya hapo chakula kinaweza kuwepo tele na mizizi isikifikie.

Unapojaza chombo, usiukandamize kwa ngumi. Jaza, gonga chombo chini mara mbili, mwagilia, acha udongo ujishushe wenyewe, kisha ongeza.

Hatua ya tatu: kutoka mbegu hadi chombo cha mwisho

Mbegu za pilipili hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Hoho na pilipili ndefu huchipua ndani ya wiki moja hadi mbili. Pilipili mbuzi huweza kuchukua mwezi, kwa hiyo usizikatie tamaa mapema. Mche mchanga hauhitaji mbolea mpaka uwe na jozi ya majani ya kweli, yale yanayofuata baada ya majani mawili ya kwanza ya mbegu.

Ukiwa na majani ya kweli mawili hadi manne, uhamishie kwenye kiriba au kikopo cha nusu lita. Kutoka hapo uende kwenye chombo cha mwisho ukiwa na wiki sita hadi nane tangu kuota. Wapo wanaouliza kwa nini wasiuweke moja kwa moja kwenye ndoo ya lita 20. Inawezekana kukiwa na joto na mkono mwepesi wa kumwagilia. Hatari yake ni kwamba mche wenye mizizi ya ukubwa wa kidole hauwezi kunyonya maji ya lita 20 za udongo. Udongo unabaki umeloa kwa siku nyingi, hewa inakosekana, na shina linaanza kuoza usawa wa ardhi.

Kosa la kinyume chake ndilo linaloharibu miche mingi zaidi: kuuacha kwenye kikopo kupita wakati. Hapa usikisie, tazama. Mwagilia, subiri saa moja, weka vidole viwili pande zote za shina, pindua kikopo na ukigonge. Donge litatoka zima. Ukiona mizizi meupe hapa na pale ubavuni na udongo bado unaonekana katikati yake, huo ndio wakati. Ukiona udongo mtupu na donge linamomonyoka, rudisha, subiri wiki. Ukiona mizizi imefanya kamba nene inayozunguka chini, rangi yake imegeuka kahawia na udongo hauonekani kabisa, umechelewa. Pasua kamba hiyo kwa kisu sehemu tatu au nne, fungua mizizi ya chini kwa vidole, kisha panda. Usipofanya hivyo mizizi itaendelea kuzunguka ileile hata ndani ya ndoo kubwa, na mmea utaishi kwenye lita 20 kama uliye bado kwenye nusu lita.

Mche uliobanwa hujitambulisha pia kwa kuchanua mapema. Una urefu wa kiganja, na tayari una maua. Hiyo si dalili njema hata kidogo. Nyofoa maua yote ya kwanza siku unapouhamisha, na yale ya wiki mbili tatu zinazofuata, mpaka uone matawi mapya yamekaza. Tunda moja lililofungwa na mche mdogo litavuta nguvu yote ambayo ingejenga matawi ya kubeba mengine.

Hatua ya nne: kuisoma mbolea

Namba tatu kwenye mfuko ni asilimia za uzito: ya kwanza naitrojeni, ya pili fosfeti, ya tatu potashi. Mbolea ya 20-20-20 ina gramu 20 za naitrojeni katika kila gramu 100. Kwa mbolea ya kuyeyusha kwenye maji, hesabu ni nyepesi: zidisha gramu ulizoweka kwa lita na asilimia ya naitrojeni, kisha zidisha kwa 10. Jibu ni miligramu za naitrojeni kwa lita. Gramu moja ya 20-20-20 kwenye lita moja ya maji inakupa miligramu 200.

Jizoeze hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayokuokoa na mbolea kali. Yurea ina naitrojeni asilimia 46. Kijiko cha chai kilichosawazishwa, gramu nne hivi, kwenye lita moja ya maji kinatoa zaidi ya miligramu 1,800 kwa lita, karibu mara kumi na mbili ya kiwango ambacho pilipili yenye matunda inakitaka. Mimi siishauri yurea kwenye vyombo kabisa.

Viwango ninavyovitumia kwa maji ya mbolea ni hivi:

Miche yenye majani ya kweli hadi siku ya kuhamishwa: miligramu 50 za naitrojeni kwa lita, yaani gramu 1 ya 20-20-20 kwenye lita 4 za maji, mara moja kwa wiki.

Kuanzia siku kumi baada ya kuingia chombo cha mwisho hadi maua ya kwanza: miligramu 100, yaani gramu 1 kwenye lita 2, mara moja kwa wiki.

Maua na matunda: miligramu 150, na hapa badilisha mbolea uchukue yenye potashi nyingi kuliko naitrojeni, mfano wa 15-5-30, gramu 1 kwa lita moja. Tunda la pilipili hubeba potasiamu nyingi, na mmea usipoipata kwa mizizi utaivua kwenye majani yake ya zamani.

Ratiba hiyo ni ya udongo wenye mboji. Ukitumia mchanganyiko usio na udongo, kama makumbi matupu, hakuna akiba humo. Mmea unakula kile tu ulichoyeyusha, kwa hiyo utalazimika kulisha karibu kila unapomwagilia, kwa kiwango cha miligramu 100 hadi 150, na kuongeza kalsiamu na madini madogomadogo.

Kwa mbolea ya punje, fikiria msimu mzima. Mapendekezo ya shambani kwa kawaida huwa kati ya kilo 100 na 200 za naitrojeni kwa hekta yenye miche 25,000 hadi 40,000, na ukigawanya unapata gramu mbili na nusu hadi nane kwa mmea kwa msimu. Hicho ndicho kiasi chote. Kwa NPK 17-17-17, gramu 4 za naitrojeni ni gramu 24 za mbolea, sawa na vijiko vya chai vitano au sita vilivyosawazishwa, zinazogawanywa miezi minne. Mtu anayeweka mkono mzima wa NPK kwenye ndoo siku ya kupanda ameshamaliza msimu kwa siku moja, na sehemu kubwa itatoka na maji au kuunguza.

Hatua ya tano: mbolea na chombo vikutane

Chumvi za mbolea huyeyuka kwenye maji yaliyo ndani ya udongo. Mmea ukinywa nusu ya maji hayo na chumvi nyingi ikabaki, mkolezo unakaribia kuwa mara mbili. Kwenye ndoo kubwa hilo linachukua siku mbili tatu na wewe umeshamwagilia. Kwenye kopo la lita 3 linatokea kati ya asubuhi na mchana, kila siku. Kiwango kilekile kwenye karatasi, mizizi miwili tofauti inaonja vitu viwili tofauti.

Pilipili haina uvumilivu mkubwa wa chumvi. Katika jedwali la Maas na Hoffman la mwaka 1977, ambalo bado linatumika, mavuno ya pilipili huanza kushuka pale chumvi ya udongo inapopita desisimensi 1.5 kwa mita (kipimo cha chumvi kinachosomwa kwa umeme unaopita), na kila desisimensi inayoongezeka huondoa asilimia 14 hivi ya mavuno.

Kwa hiyo mbolea ya punje igawe kwa lita. Chombo cha lita 10: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa cha NPK kila wiki tatu. Chombo cha lita 5: nusu kijiko. Chombo cha lita 20: kijiko kimoja na nusu, viwili ikiwa mmea ni mkubwa na umebeba, usifikirie kwamba udongo mara mbili lazima ule mara mbili, maana mmea wenyewe haujawa mara mbili. Chini ya lita 5 achana na punje kabisa, tumia maji ya mbolea yaliyopunguzwa hadi nusu ya viwango nilivyotaja, lakini mara mbili kwa wiki. Nyunyiza punje mbali na shina, karibu na ukingo, uzichanganye na udongo wa juu, umwagilie papo hapo. Usiweke mbolea ya aina yoyote kwenye udongo mkavu. Mwagilia maji matupu kwanza.

Kila unapomwagilia, endelea mpaka sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano ya maji itoke chini, na usiache maji hayo kwenye sahani mmea uyanywe tena. Ukiwa na mita ya kupima chumvi ya maji, pima yanayoingia na yanayotoka. Yanayotoka yakisoma juu sana kuliko yanayoingia, chumvi inajikusanya. Kumbuka tu kwamba yurea haionekani kwenye mita hiyo mpaka ioze udongoni, hivyo usomaji mdogo wa maji yenye yurea usikudanganye.

Hatua ya sita: kusoma mmea bila kukimbilia mfuko

Majani makubwa, kijani kilichoiva karibu na cheusi, shina laini, maua hakuna au yanadondoka: naitrojeni imezidi. Acha kulisha wiki tatu, rudi na mbolea yenye potashi. Lakini angalia joto pia kabla ya kulaumu mbolea, kwa sababu mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35 au usiku ukibaki juu ya 24, maua ya hoho huanguka hata kwenye mmea uliolishwa kwa usahihi.

Majani ya chini kugeuka njano yote kwa usawa, juu pakabaki kijani hafifu, ni njaa ya naitrojeni. Hapa ndipo watu hukosea. Kabla ya kuongeza chochote, inua chombo, chungulia matundu ya chini, na ikiwezekana toa donge. Kama mizizi imejaa, dawa ni chombo. Kama mizizi ina nafasi na ni meupe, lisha.

Njano kati ya mishipa kwenye majani ya zamani, mishipa ikibaki kijani, ni upungufu wa magnesiamu. Hali hiyohiyo kwenye majani machanga ya juu ni upungufu wa chuma, na mara nyingi chanzo ni pH iliyopanda. Kingo za majani ya zamani kuungua kahawia ni upungufu wa potasiamu.

Ncha za majani kuungua mmea mzima, ukoko mweupe kwenye ukingo wa chombo na juu ya udongo, na majani kulegea wakati udongo umeloa: hiyo ni chumvi. Kwaruza ukoko, utupe. Kisha mwaga maji matupu taratibu, mara mbili ya ujazo wa chombo. Chombo cha lita 10 kinahitaji lita 20, kwa awamu, yakitoka chini kwa uhuru. Lisha tena baada ya wiki moja, kwa nusu ya kiwango.

Kitako cha tunda kuoza, doa lililobonyea lenye rangi ya ngozi kavu baadaye likawa jeusi, ni tunda kukosa kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu ipo udongoni. Husafiri na maji tu, na majani huvuta maji kuliko tunda. Mmea ukinyauka kila mchana, tunda ndilo linalokosa. Mbolea ya amonia au potashi iliyozidi huongeza shida kwa kuizuia kalsiamu isiingie. Rekebisha maji kwanza, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, punguza mbolea. Ikihitajika, kalsiamu naitreti gramu 1 kwa lita hutoa miligramu 155 za naitrojeni na 190 za kalsiamu, kwa hiyo siku hiyo ichukue nafasi ya mbolea nyingine. Usiichanganye kwenye ndoo moja na mbolea zenye fosfeti au salfeti zikiwa zimekolea, zitagandana na kuzama chini.

Kujaribu mwenyewe

Udongo, maji na jua lako si sawa na la mwingine, na jaribio dogo litakupa jibu ambalo hakuna mwongozo unaoweza kulitoa. Chagua saizi mbili, tuseme lita 4 na lita 12, na viwango viwili vya mbolea, cha kawaida na mara mbili yake. Unapata makundi manne. Kila kundi lipe miche mitatu angalau, kwa sababu mche mmoja unaweza kudumaa kwa mdudu tu ukakupotosha. Jumla vyombo 12, mbegu za pakiti moja, siku moja, mchanganyiko mmoja wa udongo. Vibadilishane nafasi kila wiki ili kusiwe na kundi linalopata jua kuliko lingine.

Kabla ya kuanza amua jambo moja: kiwango cha mbolea ni kwa chombo au ni kwa lita? Ukiweka gramu 4 kwa kila chombo, kidogo kimepata mkolezo mara tatu wa kikubwa. Ukiweka kwa lita, mkolezo ni sawa lakini mmea wa chombo kikubwa umepata chakula mara tatu. Majaribio mengi ya nyumbani huharibika hapo, mtu akadhani amepima ukubwa wa chombo kumbe amepima mbolea. Kama lengo ni chombo, tumia maji ya mbolea ya mkolezo mmoja na umwagilie kila chombo mpaka kitoe maji chini.

Pima urefu kila wiki, lakini usiutegemee peke yake, maana naitrojeni nyingi hutoa mmea mrefu usio na kitu. Pima unene wa shina sentimita tano kutoka kwenye udongo, andika siku ua la kwanza lilipofunguka, hesabu matunda na uyapime uzito kila unapochuma. Andika pia matunda yaliyooza kitako, kwa sababu kundi la chombo kidogo na mbolea mara mbili mara nyingi litajieleza hapo kabla ya kujieleza kwenye mizani. Mwishoni kata shina, toa donge, osha mizizi kwa maji na uilaze makundi yote manne kando kwa kando.

Udongo uliotumika usiutupe. Vunja madonge, toa mizizi, usuuze kwa maji mengi kuondoa chumvi, ongeza robo ya mboji mpya. Kwa msimu unaofuata panda kitu kingine humo, maharage au mchicha, na usirudishe pilipili, nyanya, biringanya wala viazi mviringo, maana zote ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa ya mizizi.